Mtungi Uliofunikwa Gunia

Mlio sikuusikia. Watu wa gatini wanasema ulifika hadi ng'ambo ya mto, na wakata boriti waliokuwa mikokoni wakatupa mashoka wakidhani kuna vita. Mie niliyekuwa hatua ishirini sikusikia kitu. Nilichoona ni ndoo inanitoka mkononi, na maji yamesimama hewani kama kitambaa kilichokung'utwa. Kisha nikajikuta chini, mdomo umejaa mchanga, na Mzee Shaweji namwona ameegemea ukuta wa nyumba, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyeshiba anapumzika. Kofia yake ya viua bado ipo kichwani, haijapinda. Nikamwita, "Mzee! Mzee!" na sauti yangu mwenyewe siisikii. Nikamwendea kwa magoti. Ndipo nikaona kifua chake.

Zaidi ya hapo sisemi. Si kwamba sikumbuki.

Naitwa Fundi Saidi. Shule nilisoma Nyamwage, nikaishia darasa la nne, na haya nayaandika kwa mkono wenye vidole vitatu, kwa hiyo mwandiko mtanisamehe. Jicho la kushoto halioni, sikio la upande huohuo halisikii. Umri wangu bado si wa kukaa barazani, ila kazi iliniacha kabla mie sijaiacha. Nawaandikia nyie vijana wa Kibiti na Ikwiriri mnaojifunza ufundi wa friji na viyoyozi, maana nawaona mnavyofanya kazi haraka haraka, na nawaona wanaowatuma. Nitawafundisha usafishaji wa mashine kama nilivyofundishwa. Humo humo nitawaambia nani alimuua mwalimu wangu.

Tuanze na mashine yenyewe.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa Mzee Shaweji, na aliniuliza kila asubuhi kwa mwezi mzima mpaka nikachoka. Mashine inahamisha joto, basi. Mfano wake ni mtu aliyekaa kwenye mtumbwi unaovuja: anachota maji ndani, anayamwaga nje. Mashine ya ndani inachota joto la chumba, gesi inalibeba kwenye bomba la shaba, mashine ya nje inalimwaga. Sasa zipo mashine zinazofanya kazi kote kuwili. Ndani yake mna vali ya kugeuza, na ikigeuka, yule mtu wa mtumbwini anaanza kuchota nje na kumwaga ndani. Hizo ni za nchi za baridi, zinapasha nyumba joto. Nilimuuliza Mzee, "Nje kwenye barafu kuna joto gani la kuchotwa?" Akasema, "Lipo, Saidi. Hata maskini ana chake."

Mashine za namna hiyo zilikuja kwetu miaka ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia. Kabla yake, kuona friji Kibiti ilikuwa kama kuona ndege imetua. Mara watu wakaanza kuleta mitumba ya nguo, mitumba ya magari, mwisho mitumba ya viyoyozi vilivyong'olewa kwenye nyumba za Wazungu. Aliyevileta kwetu ni Mikidadi Mbelekwa, mfanyabiashara wa Kibiti aliyekuwa ananunua kamba delta na kuwauza nje. Mzee Shaweji alikuwa fundi wake. Mie nilikuwa fundi wa Mzee Shaweji. Na Hemedi, binamu yake Mikidadi, alikuwa msimamizi na dereva wa pikapu. Watu ni hao, shikeni majina yao.

Kiyoyozi cha kwanza Mikidadi alimfungia mama yake, Bi Tatu, pale Kibiti. Siku ya kukiwasha majirani wamejaa dirishani. Jenereta ikaunguruma, mashine ikapuliza, Bi Tatu kaketi kitandani na kanga mbili, amejiandaa kwa baridi. Kidogo akaanza kujipepea. Kidogo tena akavua kanga moja. Mwisho akapiga kelele: "Mikidadi! Mie sijafa bado, mbona umeshanitia motoni?" Dirishani watu wanaanguka kwa kucheka. Vali ilikuwa imegandia upande wa joto, kama ilivyotumika huko ilikotoka. Mikidadi akaona haya. Mzee Shaweji akawapita. Alikwenda nje, akashika bisibisi upande wa ncha, akaizungushia kitambaa mpini wake, akaigonga ile vali taratibu, kama unavyomgonga mtoto mgongoni acheue. Tak, tak, tak. Ikaachia. Bi Tatu akasema, "Shaweji, wewe ndiye mwanangu. Huyu nilimwokota."

Na nyie ikiwakuta, gongeni hivyo hivyo. Msigonge kwa nyundo. Vali ikibonyea imekufa.

Sasa usafi. Msinidharau hapa, kwa sababu mashine nyingi mnazozitupa hazijaharibika, zimechafuka tu. Kwanza zima umeme, na usimtegemee mtu akuambie keshazima. Nenda uzime mwenyewe. Chujio la ndani lisafishwe kila wiki mbili kama nyumba ipo karibu na barabara, maana vumbi la Kibiti mnalijua. Lisuguliwe kwa maji na sabuni, likaushwe kivulini. Jua linalikunja kama ndizi. Bomba la kutoa maji lipulizwe. Ukiona maji yanadondoka ukutani, usiseme gesi imekwisha. Nimetoa humo viota vya nyigu, na mara moja nilitoa chura mzima aliyeniangalia kwa hasira, nimemvunjia nyumba.

Mashine ya nje ndiyo inayoumia. Ina mapezi membamba ya bati laini, yamepangwa kama kurasa. Yanaziba kwa pumba za mashine ya mpunga, kwa nywele za mbuzi wanaokuja kujisugua, kwa moshi wa majani ya mikorosho wakati wa kufyekea. Yakiziba, joto halina pa kumwagwa, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inahema mpaka inaungua. Chukua brashi laini, piga kwa kufuata mapezi, juu kwenda chini. Ukipiga kwa kukatiza unayalaza yote. Maji yamwagwe kutokea ndani kwenda nje, uchafu urudi ulikoingilia. Na msiifunike mashine kwa kujenga kibanda juu yake ati isinyeshewe. Mashine haiogopi mvua, inaogopa kukosa pumzi.

Ila inaogopa chumvi, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza.

Mikidadi alijenga nyumba nyingine huko delta, kando ya gati, penye kituo chake cha kununulia kamba. Nyumba nzuri, sakafu nyekundu, viyoyozi viwili. Nikatumwa peke yangu kwenda kusafisha. Kisima kipo nyuma ya nyumba, mwendo wa kupanda kidogo. Mto upo hapa mbele, mkono unafika. Mie nimezaliwa Nyamwage, mbali na bahari, kwangu maji ya mto ni maji ya mto. Sikujua kwamba kule kiangazi, wakati wa bamvua, bahari inapanda mtoni mpaka juu. Nikachota mtoni, nikaosha mapezi mpaka yakang'aa, nikarudi Kibiti najiona fundi. Baada ya miezi mitatu tukaitwa. Mzee Shaweji aligusa mapezi kwa kidole, yakamomonyoka kama biskuti kwenye chai.

"Uliosha kwa maji gani?"

"Ya mto, Mzee."

"Uliyaonja?"

"Mzee, maji ya kuoshea mashine nayaonja ya nini? Mie mashine?"

Akanichukua mpaka gatini, akachota kiganja, akaninywesha. Nikatema. Akasema, "Mke wa mvuvi hapa hatii maji kwenye chungu bila kuyaonja, na yeye hana cheti. Wewe fundi unamwagia mashine ya watu chumvi." Toka siku hiyo ikawa sheria: ndoo ikiletwa, Mzee anachovya kidole, anaweka ulimini, ndipo kazi inaanza. Hata maji ya bomba Kibiti alikuwa anayaonja. Hata mafuta ya kompresa alikuwa anayanusa na kuyagusa ulimini, akisema mafuta yaliyoungua yana uchungu. Bi Zaina mkewe alikuwa anamtania: "Mume wangu anaonja kila kitu isipokuwa mboga yangu, hiyo anaimeza tu."

Mkumbuke hayo, maana kitu kimoja hakionjeki, nacho ndicho kilichomuua.

Ule mwaka, kiangazi, Mikidadi alikuwa na wageni. Wanunuzi wa kamba kutoka nje, wanakuja Jumamosi kulala kwenye nyumba ya delta. Alhamisi kiyoyozi cha chumba kikubwa kikaacha kupoza. Tukaenda, tukakuta gesi imevuja yote. Gesi ikivuja, hujazi nyingine mpaka upate tundu. Na tundu unalitafuta hivi: unaingiza naitrojeni ndani ya bomba kwa nguvu, halafu unapaka povu la sabuni kwenye maungio. Penye tundu povu linatoa mapovu. Naitrojeni ni hewa yenye moyo baridi, haina ugomvi na mtu. Yetu ilikuwa imekwisha, na ya kununua ipo Dar es Salaam.

Mzee Shaweji akasema, "Tupe siku nne."

Mikidadi akasema, "Wageni watalala kwenye joto?"

"Wafungue dirisha. Sisi tunalala hivyo tangu kuumbwa."

"Shaweji, usinifanyie mzaha mbele ya watu. Mtungi utaletwa."

Ijumaa, kabla ya swala, pikapu ikaja. Mikidadi mwenyewe kakaa mbele, Hemedi anaendesha. Nyuma mtungi umefunikwa gunia, umefungwa kamba tangu shingoni hadi chini, umeachwa kichwa tu cha kufungulia. Nikashangaa, Dar kwenda na kurudi kwa usiku mmoja, kwa barabara ile. Mzee naye akashangaa, akauliza, "Ni naitrojeni hii?"

Mikidadi akasema, "Ni naitrojeni. Nimeifuata mwenyewe mjini."

"Una hakika, bwana mkubwa?"

Mikidadi akaweka mkono kifuani. "Wallahi."

Mie nilishaanza kufungua kamba. Mitungi ina rangi, vijana. Rangi ndiyo jina lake. Nilitaka kuona rangi tu. Mzee Shaweji akanikamata mkono.

"Unafanya nini?"

"Nafunua, Mzee, nione."

"Mtu keshamtaja Mungu, unafunua nini? Unataka kumwambia mwongo?"

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu akiapa, mjadala umekwisha. Ukiendelea kukagua umemvua nguo. Nikaiacha ile kamba. Mtu aliyekuwa anaonja maji ya bomba akaacha kuangalia rangi ya mtungi, kwa sababu ya neno moja. Hemedi alikuwa amesimama pale pale, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni, anatazama mto.

Tukafunga mpira na geji ya kupimia nguvu ya gesi. Nikaleta ndoo ya kukorogea povu. Mzee akachovya kidole, akaweka ulimini, akanitazama.

"Saidi. Umechota wapi?"

Nilikuwa nimechota gatini. Kisima kilikuwa kule juu, jua kali, na nilisema moyoni kwamba povu si kuosha.

"Chumvi inaua povu," akasema. "Povu likifa, tundu linakudanganya. Miaka sita bado nakuchunga kama mbuzi. Nenda kisimani."

Nikamwaga, nikaenda kisimani, moyoni nimenuna. Nikajaza. Nilipokuwa narudi nilimwona amechuchumaa mbele ya mashine, mkono upo kwenye kichwa cha mtungi, anafungua pole pole kama anavyofanya siku zote, macho kwenye geji. Nilitaka kumwambia neno la utani, kwamba haya sasa matamu hata kwa chai. Sikuliwahi.

Uvivu wangu ndio ulioniponya. Ningekuwa fundi mzuri siku hiyo, ningekuwa nimechuchumaa pembeni yake.

Mle ndani hamkuwa na naitrojeni. Mlikuwa na oksijeni, ile ya kuchomelea vyuma. Na mashine yoyote ya kupoza ina mafuta ndani ya kompresa na kwenye bomba. Oksijeni ikikutana na mafuta kwa nguvu haingoji cheche, haingoji kiberiti. Inalipuka yenyewe. Andikeni hili ukutani kwenye karakana zenu kwa mkaa: oksijeni na mafuta havikai nyumba moja.

Nilijuaje? Sikugundua kwa akili yangu. Nimelazwa Utete, kichwa kimefungwa bandeji, akaja Kassimu, mchomeleaji wa Ikwiriri. Tunafahamiana kidogo tu, nikamshukuru kwa kuja. Akanipa pole, akaniwekea machungwa, akakaa. Akakohoa. Akasema karibu na sikio langu zima, "Fundi, samahani, najua si wakati wake. Mtungi wangu wa oksijeni aliokuja kuuazima Hemedi ile Alhamisi jioni, mlishamaliza kuutumia?"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Alipoona uso wangu, mtu mzima yule akaanza kulia. "Aliniambia anachomelea geti," akasema. "Wallahi Fundi, aliniambia geti." Naye akaapa. Lakini yeye aliapa analia, na tangu siku ile amesema hivyo hivyo kwa kila anayemuuliza, hajabadilisha.

Na mie nina langu la kusema, maana nikitaja wengine nikajiacha nitakuwa Hemedi wa pili. Kabla Kassimu hajaja, siku ya tatu tangu nilazwe, Hemedi alikuja na karatasi. Akanisomea: kwamba tulikuwa kazini, ukatokea mlipuko, sababu haijulikani, Mungu amrehemu marehemu. Akasema wakubwa wanaihitaji. Jicho moja limefungwa, jingine linatoa machozi, na hata yangekuwa mazima, maandishi ya kalamu ya haraka yananishinda. Nikatia dole gumba.

Arobaini ilipita, nikaenda kijijini Mbwara kwa Bi Zaina kumpa mkono. Alinipokea, akanipa maji, hakunitazama. Binti yake mkubwa akatoa nakala ya karatasi ile waliyoletewa, akaisoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba marehemu Shaweji, bila kujali onyo la mwajiri wake, aliwasha sigara karibu na mtungi. Chini, dole langu.

Bi Zaina akasema, "Saidi. Umekaa na mume wangu miaka sita. Umemwona na sigara lini?"

Mzee Shaweji alikuwa mtu wa ugoro. Kikopo chake cha ugoro kilikutwa mfukoni, na kiberiti hakikukutwa. Moshi ulikuwa unamkera hata wa ubani. Nililia mbele ya yule mama mpaka yeye ndiye akaanza kunibembeleza.

Tangu hapo pale kijijini wajukuu wa Mzee Shaweji wakigombana na wenzao kisimani wanaambiwa, "Nyie ukoo wa aliyejilipua kwa sigara." Mtu aliyenifundisha kuonja maji. Mtu ambaye alizima umeme kwa mkono wake mwenyewe kila mara, anatajwa kwa uzembe.

Mikidadi nimemfuata mara tatu. Mara ya kwanza Kibiti, akaniambia, "Saidi, mambo ya Mungu hayo." Nikamwambia, "Mungu hakwenda Ikwiriri kuazima mtungi." Akaingia ndani. Mara ya pili alikuwa amehamia mjini, mlinzi akanizuia getini, nikamwona dirishani. Mara ya tatu nilimkuta msikitini kwao, safu ya mbele. Nilisali nyuma yake. Alipotoa salamu upande wa kushoto akaniona, na nasema mbele ya Mungu aliyetajwa bure siku ile, yule mtu alivaa viatu vya mwenzake kwa haraka ya kutoka. Hemedi yeye hajifichi. Anasema, "Mie nilitumwa tu." Haya. Na gunia alikutuma nani ulifunge? Mtungi hauoni baridi.

Nilikwenda pia kwa wakubwa. Wakaniambia karatasi ina dole langu. Kweli linalo. Kwa hiyo leo naandika karatasi nyingine, na chini yake naweka dole lile lile, nikiwa nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno: Mzee Shaweji hakuwasha sigara. Karatasi ya kwanza ni ya uongo, na mie niliyeitia dole nilikosa.

Nyie vijana, somo langu la mwisho halina brashi wala sabuni. Mtungi ukiletwa, funua. Akiapa, funua. Akinuna, akaita wazee, akasema umemvunjia heshima, funua kwanza halafu umwombe radhi rangi ukiwa umeiona. Mzee Shaweji aliogopa kumfanya mtu mwongo, na mtu yule alikuwa mwongo tayari.

Na wewe, Mikidadi Mbelekwa, najua utasomewa haya hata kama hutayasoma. Sitaki unifidie jicho. Jicho nimeshalizika. Njoo Mbwara, wewe na Hemedi, siku yoyote mtakayochagua nyie. Bi Zaina yupo, nywele zimeshakuwa nyeupe, mkeka ameshautandika miaka mingi. Kaeni mbele yake, na wajukuu wasikie, na Kassimu atakuwepo. Siku ile pale gatini uliweka mkono kifuani ukamtaja Mungu, na sisi tukanyamaza kwa heshima yako. Leo hatunyamazi, tunakuuliza. Weka tena mkono wako pale pale, mtazame yule mama, umjibu: ndani ya gunia mlikuwa na nini?